Jina Lako Nyuma ya Gari: Uhakiki wa Pleti Namba

Safari hii sihakiki riwaya wala diwani. Nahakiki pleti namba za magari. Najua wapo watakaosema mhariri amekosa makala mpaka anachapa habari za vibati, lakini nivumilie kidogo, maana vibati hivyo nimevisoma kwa muda mrefu kuliko nilivyosoma vitabu vingi, tena bila kupenda. Mtu anayepanda daladala kila siku kutoka Gongo la Mboto hadi Posta, foleni ya kwenda na foleni ya kurudi, atasoma nini? Kitabu huwezi kukifungua, mikono yote imeshika bomba. Unasoma kilichopo mbele yako, na kilichopo mbele yako ni mgongo wa gari la mtu.

Shuleni tulifundishwa kwamba kazi ya fasihi ina fani na maudhui. Ina mtunzi, ina hadhira, ina ujumbe, na mtihani wa kidato cha nne ukija unavipanga hivyo hivyo upate alama zako uondoke. Sasa tazama pleti namba ya kawaida ya Tanzania Bara. Herufi T, tarakimu tatu, herufi tatu. Haina mtunzi, imetoka kwenye mstari wa namba kama mgonjwa anavyopewa kadi dirishani. Njano kama gari ni la mtu binafsi, nyeupe kama ni la biashara, yamekwisha. Hata hivyo watu wa mji huu wameipa maana ambayo serikali haikuitia. Ile herufi ya kwanza kati ya tatu za mwisho inasogea polepole: A ikaisha ikaja B, ikaja C, ikaja D, sasa tupo E, na mtu hasemi tena gari lake limeingia nchini lini. Anasema "namba D". Dalali anakuambia hii namba D, haijachoka kabisa, na wewe umeshaelewa bei. Muuza duka mmoja wa mtaani kwetu alinunua gari namba B, akataniwa mpaka akawa analiegesha uani. Sisi waandishi chipukizi tunajaza kurasa tatu kumwonyesha msomaji kwamba mhusika ni tajiri au hohehahe. Mjini hapa kazi hiyo inafanywa na herufi moja, na hakuna anayeomba ufafanuzi.

Juu ya hapo ndipo inapokuja pleti ya kununua. Sheria inaruhusu mtu kuomba Mamlaka ya Mapato usajili wa namba binafsi, gari libebe jina au neno alilochagua mwenyewe badala ya namba ya mstarini. Ada yake inahesabiwa kwa mamilioni ya shilingi, tena si ya maisha: ni ya miaka mitatu, ikiisha unalipa upya. Hapo sasa tuna mtunzi. Mtu amekaa, amefikiri, amechagua herufi hizi akaacha zile, amelipia, na ametundika kazi yake mbele ya maelfu ya watu ambao hawakuomba kuisoma. Kama huo si uchapishaji, basi sijui uchapishaji ni nini.

Basi tuihakiki kama kazi nyingine yoyote. Maudhui: jina la mwenye gari. Au jina la ukoo. Au jina la mtoto, au la kampuni. Mtunzi ni yeye, mhusika mkuu ni yeye, ujumbe ni yeye. Mgogoro hakuna. Mandhari ni foleni ya Mwenge. Nimeweka daftari dogo la hizi pleti, kila ninayoiona naiandika, na katika zote sikumbuki hata moja iliyonifanya nigeuze shingo kuisoma mara ya pili. Ni sawa na mtu aliyelipia ukurasa mzima wa gazeti, halafu akaandika jina lake katikati kwa herufi kubwa na kuacha nafasi nyingine yote tupu.

Kwa nini iwe hivyo? Nadhani mwigo. Kabla ya matajiri kuanza kununua majina, serikali yenyewe ilikuwa na vibati vyenye kusema. Ukiona SU unajua shirika la umma, PT polisi, JW jeshi la wananchi, na magari ya mawaziri na wakuu wa mikoa hubeba cheo cha anayepanda badala ya namba ya mstarini. Tumekua tukijua kwamba gari lenye maneno ndilo linalopishwa. Kwa hiyo anayenunua pleti ya jina hatungi, anaazima. Anataka lile tendo la trafiki kutazama kibati kwanza kabla ya kutazama dereva. Na kuna faida nyingine ambayo haisemwi kwa sauti: jina linafuta ile herufi ya umri. Gari lenye jina halina B wala D. Huwezi kulitania.

Wako watakaonijibu kwamba namwonea tu mwenye gari, kibati ni kidogo, utaandika nini pale? Hoja hiyo siikubali, na sababu zangu nazitoa mbali, Uingereza, kwa sababu huko masharti ni makali kuliko ya utenzi.

Uingereza pleti zilianza kuwa za lazima tarehe 1 Januari 1904, chini ya sheria ya mwaka 1903. Kwa mfumo wa sasa, ulioanza Septemba 2001, gari linapata herufi mbili za eneo, tarakimu mbili za umri, kisha herufi tatu. Gari lililosajiliwa kuanzia Machi 2024 lina 24, kuanzia Septemba mwaka huo lina 74. Herufi I na Q hazitumiki kabisa kwenye mfumo huo, na Z inaruhusiwa katika zile tatu za mwisho tu. Mwenye gari haruhusiwi kuandika anachotaka. Anachagua katika namba ambazo mamlaka ya magari na leseni, DVLA, imezitoa au inaziuza, na lazima atafute neno lake ndani ya mpangilio ule ule. Urefu wa herufi ni milimita 79. Upana ni 50, isipokuwa moja na I. Kati ya herufi na herufi milimita 11, kati ya kundi na kundi 33. Mwandiko ni mmoja nchi nzima. Ukisogeza nafasi ili neno lisomeke vizuri, au ukafunga skurubu mahali pa kugeuza tarakimu iwe herufi, faini inaweza kufika pauni 1,000, gari linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka, na namba yenyewe unaweza kunyang'anywa. Sababu wanayoitoa ni kamera: isiyosomeka na kamera haifai.

Sasa niambie, hiyo si arudhi? Mizani, vina, kituo, vyote vimo. Na kama ilivyo kwa mshairi wetu aliyefungwa na mizani nane kwa nane, kufungwa ndiko kunakomzalishia ujanja. Tano inakuwa S, nne inakuwa A, moja inakuwa I, sifuri inakuwa O, nane inakuwa B. Msomaji anapewa nusu ya neno, nusu anamalizia mwenyewe kichwani, na akishalimaliza anajiona na yeye mjanja. Kazi nyingi za namna hiyo ni za kipuuzi, hilo nakubali, zinarudia majina yale yale na majigambo yale yale. Lakini hata ya kipuuzi imemlazimu mtu kucheza na lugha.

Kuna sharti lao moja ambalo nimelipenda sana. Haliruhusiwi gari kupewa namba ya kulifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Kulizeesha ruksa, kulivisha ujana marufuku. Watu wakatafuta mlango wa nyuma: wananunua namba za mtindo wa Ireland ya Kaskazini, zile zenye I au Z, ambazo hazina alama ya mwaka, na gari linakuwa halina umri. Ulaya au Buguruni, wenye magari ni wale wale.

Tatizo ni kwamba na huko pesa imeshaingia kati. Mwaka 2008 namba F 1 iliuzwa kwa pauni 440,625. Mwaka 2014, kwenye mnada wa DVLA, namba 25 O ilifika pauni 518,000 pamoja na ada zake, na mnunuzi alikuwa na Ferrari ya aina ya 250 ya kuivisha. Na hawa bado ni wanafunzi mbele ya Ghuba. Abu Dhabi mwaka 2008 namba 1 ilikwenda kwa dirhamu milioni 52.2, na Dubai mwezi Aprili 2023 pleti P 7 ikauzwa dirhamu milioni 55 katika mnada wa hisani wa kuchangia chakula cha wenye njaa. Siwezi kuhakiki namba 1. Hakuna cha kusoma pale. Ni bei iliyoandikwa kwa tarakimu chache kuliko bei yenyewe.

Twende Marekani, ndiko kwenye utamu. California imekuwa ikiuza pleti za maneno tangu mwaka 1970, na mapato yake yalipangiwa kuhifadhi mazingira. Mwandishi anapewa nafasi saba za herufi na tarakimu, na anachagua mwenyewe. Lakini kwenye fomu anatakiwa aeleze neno lake lina maana gani. Umeisikia hiyo? Mtunzi analazimishwa aandike maelezo ya shairi lake, yapelekwe kwa maofisa, maofisa wakae waulize: kweli anamaanisha hivyo, au ana lake moyoni? Hicho ni chumba cha wahakiki, msomaji, wanalipwa mshahara na serikali. Na wanasoma kwa makini kuliko wengi wanaojiita wahakiki hapa kwetu, maana kazi yao ni kutafuta maana ya pili, ya tatu, mpaka iliyoandikwa kwa lugha ya kigeni, mpaka inayoonekana ukiitazama kwenye kioo.

Walipobanwa ilikuwa mwaka 2020. Mwanajeshi mstaafu mmoja aliomba OGWOOLF, kwa jina lake la utani. Wakakataa, wakasema OG ni lugha ya magenge. Akaenda mahakamani, na mwezi Novemba mwaka huo jaji wa mahakama ya shirikisho akasema kile kipimo cha "kukiuka ladha njema na adabu" hakiwezi kusimama mbele ya uhuru wa kusema. Maneno ya kwenye kibati, alisema, ni ya mwenye gari. Kumbuka lakini kwamba miaka mitano nyuma, 2015, Mahakama Kuu ya Marekani ilikuwa imeamua kesi ya Texas kwa kura tano dhidi ya nne. Kikundi kilitaka pleti yenye bendera ya majimbo ya kusini yaliyopigania kubaki na utumwa, jimbo likakataa, na mahakama ikasema michoro ya kwenye pleti ni kauli ya serikali, na serikali halazimishwi mtu kuisemea asichokitaka. Kwa hiyo kibati kile kile: picha ni sauti ya serikali, herufi ni sauti ya raia. Mimi nikiwa na kitabu chenye jalada la mchapishaji na maneno yangu ndani, naielewa kabisa hali hiyo.

Jimbo la Maine lilijaribu njia nyingine. Mwaka 2015 liliacha karibu ukaguzi wote, watu waandike. Wakaandika! Matusi yakajaa barabarani mpaka mwaka 2021 ikatungwa sheria ya kuyaondoa, na pleti zikaanza kurudishwa. Sasa sikiliza kisa cha mmoja wa walionyang'anywa. Alikuwa hali nyama, gari lake limejaa stika za vyakula vya mboga, na kibati chake kiliandikwa LUVTOFU. Tofu ni chakula cha maharage ya soya; anasema anaipenda, basi. Maofisa wakahesabu vituo vingine. Walikata neno baada ya O, na zile F na U zilizobaki mwishoni zikawa kifupi cha tusi ambalo hata watoto wa huku wanalijua kwa sinema. Nani amesoma sawa? Mwandishi ana ushahidi wa stika zake. Ofisa ana ushahidi wa herufi zenyewe. Nikiulizwa nitasema ofisa amesoma vizuri na ameamua vibaya. Maana ile ya pili imo, huwezi kuifuta, lakini mtu asihukumiwe kwa mahali ambapo mwingine amechagua kuvuta pumzi.

Nimemaliza wasomaji wanadamu, niingie kwa msomaji mwingine ambaye nyinyi mnaoandika riwaya za siku zijazo mtamhitaji. Mwaka 1979, Los Angeles, mtu mmoja alijaza fomu ya pleti. Fomu ilitaka chaguo tatu. Alikuwa mpenzi wa bahari, akaandika chaguo mbili za mambo ya mashua, na la tatu akaandika NO PLATE, yaani kama hizo mbili hazipo basi sitaki pleti yoyote. Hazikuwepo. Akatumiwa kibati kimeandikwa NO PLATE. Kumbe askari wa maegesho California nzima, wakikuta gari limetupwa halina kibati, kwenye karatasi ya faini walikuwa wanaandika maneno hayo hayo. Kompyuta ikatafuta mwenye gari NO PLATE, ikampata. Alipokea notisi kama 2,500. Miaka mingi baadaye mtaalamu mmoja wa usalama wa kompyuta, hukohuko California, akaona ajifanye mjanja: akachukua pleti NULL, neno ambalo kompyuta hutumia kusema "hapa hakuna kitu". Alidhani faini zitapotelea hewani. Mwaka 2019, kwenye mkutano wa wataalamu wenzake Las Vegas, alisimulia jinsi faini zote zisizo na mwenyewe zilivyomwangukia, zaidi ya dola 12,000.

Nimezirudia hadithi hizi mbili kila kijiweni na kila mtu anacheka, lakini mimi zinaniogopesha kidogo. Hapo ndipo neno limefanya kazi kuliko shairi lolote ninalolijua. Neno "hakuna" limepata mwili, limepata anuani, na madeni ya wote wasiokuwepo yameandikwa kwa mtu mmoja. Mngeniletea kama hadithi fupi ningewaambia mmetia chumvi.

Nirudi nyumbani. Hoja yangu ni lugha. Mmarekani mwenye nafasi saba analazimika kuikatakata lugha yake. Anatoa irabu, anaweka 4 mahali pa neno zima, anaandika LUV kwa sababu neno kamili lina herufi ya ziada. Kiswahili hakihitaji mateso hayo. Chukua nafasi saba uandike NIPISHE. Hesabu. Saba kamili, na ni sentensi nzima: yupo anayeomba, yupo anayeombwa, lipo ombi, na kwa foleni ya Tabata lipo hata chozi. Andika TUTAONA. Saba tena. Hilo linaweza kuwa la mpenzi, la mdai wa deni, la mgombea udiwani, na halijabadilika herufi. Andika LAMKOPO, ulitenganishe mwenyewe kichwani. Kisha andika SILANGU. Hili ndilo nililolipenda kuliko yote niliyotunga, maana dereva wa bosi anaweza kulibeba, aliyekopa benki anaweza kulibeba, na mcha Mungu pia. Tena angalia ile L. Ngeli imeshalitaja gari bila kulitaja. Kiingereza hakina uwezo huo.

Basi mtu mwenye lugha kama hiyo, na mamilioni ya kulipia, anaandika jina lake la kwanza. Naomba mnisamehe, lakini mimi linaniuma. Riwaya yangu ipo kwenye kaunta buku nne, nimeiandika kwa mkono, nimeinakili upya mara mbili. Niliipeleka kwa mchapishaji mmoja hapa mjini, akaisoma, akasema ni nzuri, halafu akaniambia nichangie gharama za kupiga chapa. Kiasi alichokitaja hakifiki hata ada ya kibati kimoja cha jina. Nilitoka pale nikasimama kituoni, na lililosimama mbele yangu lilikuwa gari jeusi lenye jina la mtu. Nikajikuta najiuliza swali la kihakiki kabisa: huyu ana nini cha kusema cha miaka mitatu?

Mtu asije akadhani dawa ni kupunguza bei tu. Ujerumani kuchagua herufi zako unalipa yuro 10 na senti 20 juu ya usajili, yaani karibu kila mtu anaweza. Kibati kinaanza na herufi za mji, halafu unachagua moja au mbili na tarakimu. Wameandika nini? Wengi vifupi vya majina yao na tarehe za kuzaliwa. Lakini huko angalau nchi imeogopa herufi: SS, SA, KZ, HJ na NS hazitolewi, kwa sababu ya yale ya Hitler. Herufi mbili tu, na zinabeba mizoga mingi kiasi hicho. Hao wanajua kusoma.

Na sisi tunajua kuandika, ila si kwenye kibati. Kazi bora za barabarani ziko kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye mabodi ya malori yaendayo Tunduma, kwenye mabango ya mpira yanayoning'inia nyuma ya matairi. Zinaandikwa na watu wa rangi na brashi, kwa bei ya kuelewana. Humo kuna vijembe, kuna maombolezo, kuna majibu: gari hili limeandika, la njia nyingine limejibu, na abiria wanafuatilia kama tamthilia. Mama zetu walishafanya hivyo kwenye khanga. Hapa daladala imebanwa kwa mstari wa rangi ya njia yake, lakini kioo bado ni cha konda. Nairobi walibanwa zaidi. Kanuni za mwaka 2003, zilizoanza kufanya kazi 2004, ziliipiga matatu mstari wa njano kiunoni, pamoja na mikanda na vidhibiti mwendo, na ile michoro iliyokuwa imejaa ubavuni ikapungua sana. Mikanda na vidhibiti mwendo siwezi kuvipinga, watu walikuwa wanakufa. Lakini maneno yalikuwa yamemuua nani? Mwaka 2014 Rais Uhuru Kenyatta mwenyewe alisema vijana wa michoro waachwe wafanye kazi, na wakarudi kwa kishindo; leo ukiiona nganya ya Nairobi utadhani ni ukumbi wa dansi unaotembea. Hata hivyo kibati chake bado ni K na herufi zake, kimetulia pale chini, kama karani katikati ya harusi.

Mimi na rafiki yangu mmoja, naye anaandika, tuna mchezo wetu tukiwa foleni. Tunasubiri herufi tatu za mwisho zifanye neno la Kiswahili. Ni ngumu, kwa sababu Kiswahili kinataka irabu, na mstari wa serikali haujali irabu. ADA tunaisubiri kwa hamu, kwa sababu zinazoeleweka. DUA tungeipa alama zote. BAA ikija tumekubaliana kila mmoja atunge hadithi ya ukurasa mmoja kabla ya kushuka, achague mwenyewe kama ni balaa au ni pombe. Wakenya walibahatika, mwaka 1989 mfumo wao mpya ulianza na KAA, wakapewa bure samaki wa gamba, makaa, na amri ya kuketi, vyote kwa herufi tatu.

Katika daftari langu la pleti, ukurasa nilioukunja si wa gari. Ni wa mkokoteni, niliuona Kariakoo mtaa wa Kongo, umebeba magunia ya mkaa. Nyuma, mahali ambapo gari lingekuwa na kibati, palipigiliwa kipande cha bati kimeandikwa kwa mkono, herufi zimepangwa sawasawa kabisa na nafasi zake: T 2 MIGUU. Nilimfuata yule kijana aliyekuwa anausukuma, rika langu, nikamsaidia kidogo kwenye tuta nikapata nafasi ya kumuuliza. Nikamwambia kaka, pleti yako kali, lakini mbona umeipaka nyeupe, ya njano si ndiyo inayopendeza?

Akanitazama kama ninayemchelewesha. "Njano ya gari binafsi," akasema. "Mimi si niko kwenye biashara?"